TTCL: ugonjwa ulikuwa mmoja, dawa zikaja za ugonjwa mwingine

Kila mwaka nafundisha jioni somo la menejimenti ngazi ya diploma, na kila mwaka kuna swali moja ambalo karibu darasa zima linapata, taja sababu za mabadiliko kwenye taasisi na aina zake. Watu wanashusha kama wanasoma dua. Sababu za nje, teknolojia, ushindani, sheria, siasa, uchumi. Sababu za ndani, uongozi mpya, hasara, migogoro ya wafanyakazi. Aina, mabadiliko ya muundo, ya teknolojia, ya watu na utamaduni, ya mkakati. Maksi kumi hizo hapo. Sasa waambie haya bana, nipeni shirika moja mnalolijua, sababu ipi ilileta aina ipi, na je viliendana? Kimya. Halafu mmoja atasema Nokia, kwa sababu ameona klipu.

Nokia tuwaachie Wafini. Sisi tuna ya kwetu na imekamilika kila kona, imegawanywa, imebinafsishwa, imezaa mtoto ikanyang'anywa, imeletewa mameneja kutoka Canada, imerudishwa serikalini, imebadilishwa nembo, imepanda mpaka Kilimanjaro. Naongelea TTCL, kampuni yetu ya simu ya serikali. Na hoja yangu naisema mapema ili usinisome ukiwa unanitafuta: karibu kila aina ya mabadiliko iliyopo kwenye notisi zenu ilifanywa pale, ila kwa miaka mingi aina iliyofanywa haikuwa ile iliyokuwa inadaiwa na sababu. Mlangoni aliyekuwa anagonga ni teknolojia, ndani watu wakawa wanajadili nani mwenye nyumba.

Turudi nyuma kidogo maana vijana wengi hawajui simu ya mezani ilikuwa na uzito gani. Kwa baba mkubwa wangu Morogoro kulikuwa na simu nyeusi, ile ya kuzungusha namba kwa kidole, imekaa juu ya kitambaa cha kufuma, na kwenye tundu moja la kile kigurudumu kumetiwa kufuli dogo la shaba. Funguo anatembea nao baba mkubwa. Ukitaka kupiga unaomba, unaeleza unampigia nani na kwa shida gani. Sisi watoto tukagundua ukiinua mkono wa simu halafu ukagonga kile kitufe cha kukatia mara tatu harakaharaka simu inahesabu umepiga tatu, ukigonga mara tisa ni tisa, sifuri ndo ya kazi maana unagonga mara kumi bila kukosea mdundo. Dar ilikuwa 051, kwahiyo kumpigia binamu Dar ilikuwa kazi ya kidole mpaka jasho. Kufuli lipo na simu inaondoka. Bili ikija baba mkubwa anaikagua kama mkaguzi wa serikali, na sisi tumejibanza koridoni.

Nyumba yenye simu mtaani ilikuwa moja, pengine mbili, na namba ile ilikuwa ya mtaa mzima. Mgonjwa akilazwa Muhimbili taarifa inapitia pale. Ambaye hana hata jirani mwenye simu anaenda posta kupiga telegramu inayolipiwa kwa neno, ndo maana watu walijifunza kuandika kwa ubahili, BABA MGONJWA NJOO UPESI, maneno manne mtu anapanda basi.

Sasa shirika lenyewe. Kabla ya 1977 posta na simu zilikuwa za Afrika Mashariki nzima, shirika moja la jumuiya, makao makuu Kampala. Jumuiya ilipovunjika kila nchi ikachukua kipande chake na sisi tukabaki na Shirika la Posta na Simu Tanzania. Hapo tayari una mfano wa mabadiliko ambayo hayakupangwa na menejimenti yoyote, siasa imeamua na shirika limeamka asubuhi likakuta limekuwa la nchi moja. Kwenye notisi tunaita mabadiliko ya kulazimika. Mtu wa kaunta yeye haiti kitu, anabadilisha muhuri.

Ya 1994 ndo ya kwanza iliyopangwa kwelikweli. Sheria za 1993 zikapita bungeni na kuanzia Januari 1994 Posta na Simu ikapasuliwa vipande vitatu: Shirika la Posta, TTCL ya simu, na Tume ya Mawasiliano ya kusimamia wote (ile tume baadaye ikaunganishwa na ya utangazaji ikawa TCRA, mamlaka ya mawasiliano). Hii ni mabadiliko ya muundo ya kitabuni kabisa na sababu zake unaziona. Nchi ilikuwa imeanza kufungua uchumi, makampuni binafsi yanataka kuingia, na huwezi kumwita mchezaji wa nje aje uwanjani wakati mwenye timu pinzani ndo huyohuyo ameshika filimbi. Simu zinatoa leseni, simu zinapanga masafa, simu hizohizo zinauza huduma. Ilibidi refa atoke kwenye timu. Mpaka leo ukienda miji mingi utakuta ofisi ya posta na ya TTCL ziko kiwanja kimoja au jengo moja, mlango huu barua mlango ule simu, ukuta ukiwa ndo kumbukumbu ya ile sheria.

Mimi hii ya 1994 naipa alama nzuri. Sababu ilikuwa ya kisheria na kimuundo, dawa ikawa ya kisheria na kimuundo. Imeisha.

Ila mwaka huohuo, na hapa ndo pa kukodoa macho, Mobitel ikawa imeingia Dar na simu za mkononi, kampuni ya Millicom, hiyohiyo ambayo baadaye watu waliiita Buzz na kisha Tigo. Simu yenyewe kama tofali, wenye nazo walikuwa wakurugenzi na wafanyabiashara wa Kariakoo wenye kisu kikali. Ni rahisi leo kucheka kwamba TTCL hawakuona. Hebu kaa kwenye kiti chao. Una laini za mezani karibu laki moja hivi kwa nchi yenye watu milioni thelathini hivi, foleni ya wanaoomba kuunganishwa ni ndefu, tatizo lako linaonekana ni nguzo na nyaya chache. Akili yote inakuambia tafuta hela tujenge nguzo nyingi zaidi. Nani angekuambia mteja anayesubiri laini yako hatakuja kuihitaji kabisa?

Hela zikatafutwa kwa njia ya wakati ule, ubinafsishaji. Februari 2001 asilimia 35 ya TTCL na uendeshaji wake vikaenda kwa ubia wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Bei ilitajwa dola milioni 120, nusu ikalipwa mwanzoni na nusu iliyobaki ikazaa mvutano wa muda mrefu kuhusu hesabu za kampuni zilikuwaje hasa siku ya kununua. Kwenye mkataba kulikuwa na miaka minne ya TTCL kubaki peke yake kwenye simu za mezani, mpaka Februari 2005.

MSI ni nani? Ni kampuni ya Mo Ibrahim, yule Msudani, ambayo baadaye ikajiita Celtel. Na biashara ya MSI Afrika nzima ilikuwa nini? Simu za mkononi. Shaba na nguzo havikuwa moyo wao. Kwahiyo mwaka huohuo 2001 Celtel Tanzania ikazaliwa ndani ya tumbo la TTCL kama kampuni tanzu. Na kiukweli hapo nadhani ndo ulikuwa wakati wa dhahabu wa shirika lile, ijapokuwa wakati wenyewe hakuna aliyejua. Angalia: mama ana nguzo, ana majengo kila wilaya, ana jina, ana wateja wa serikali na mabenki, mtoto ana teknolojia mpya na ana mbio. Sababu ni teknolojia, na jibu la teknolojia liko ndani ya nyumba. Ukiniuliza mabadiliko ya kiteknolojia yaliyoendana na sababu yake, hayo hapo.

Agosti 2005 wakatenganishwa. Celtel ikawa kampuni inayojitegemea, Celtel wenyewe asilimia 60 na serikali 40, na TTCL ikabaki na serikali asilimia 65 na Celtel 35. Soma tena hiyo sentensi ya mwisho taratibu. Mwenye asilimia 35 ya TTCL ni kampuni ambayo kwa upande mwingine wa barabara inauza simu za mkononi kwa wateja walewale.

Darasani nikifika hapa nawaambia wafunge madaftari tuongee kama watu wazima. Wewe una hisa 35 kwenye duka la kaka yako na una duka lako mwenyewe mkabala, la kwako linajaza, la kaka linapwaya. Kuna kikao cha kuchangia mtaji wa duka la kaka ili nae aanze kuuza unachouza wewe. Utachangia? Na mwanahisa mwingine ndo serikali, ana barabara, ana hospitali, ana mishahara ya walimu, nae hana haraka ya kumwaga mabilioni kwenye mitambo ya simu. Kwahiyo hakuna anayeweka. Sio uzembe wa mtu, ni muundo wenyewe umekaa hivyo, na ukishakaa hivyo hata umlete malaika awe meneja ataishia kuandika barua za kuomba mtaji.

Halafu ile asilimia 35 ikaanza kusafiri. 2005 Celtel ikauzwa kwa MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. MTC ikajiita Zain, kwetu jina likabadilika 2008. 2010 Zain ikauza biashara zake za Afrika kwa Bharti Airtel ya India kwa dola bilioni 10.7. Kila wakati zile hisa za TTCL zinabebwa humohumo kwenye furushi kama kuku aliyefungwa miguu kwenye buti ya basi, hakuna anayemnunua yeye, ananunuliwa mzigo na yeye yumo. Kurt Lewin, mwanasaikolojia wa mambo ya mabadiliko, ana ule mfano wake maarufu wa kuyeyusha, kubadilisha, kisha kugandisha, na wanafunzi wanaupenda maana ni mfupi. Basi hapa barafu iliyeyushwa na haikupata kugandishwa, kabla haijashika anakuja mwingine na kikaango.

Huku nje mambo yanakimbia. Vodacom walianza Agosti 2000, Zantel walikuwepo toka 1999, Celtel anasambaa mpaka vijijini, vocha za kukwangua zinauzwa na muuza karanga. Aprili 2008 M-Pesa ikaingia nchini na toka hapo simu ikaacha kuwa simu ikawa pochi. Simu ya mezani inashindana vipi na pochi? Na vibaka nao wakagundua shaba ina soko kwa wauza vyuma chakavu, wanakata kebo usiku, asubuhi mtaa mzima hauna mlio, na kila kebo inayokatwa kuna wateja ambao hawarudi tena hata ikiunganishwa.

Hapa katikati ndo yanaingia mabadiliko ya aina ya watu na uongozi. 2007 menejimenti ikakabidhiwa kwa SaskTel International kutoka mkoa wa Saskatchewan kule Canada, mkataba wa miaka mitatu, ukavunjika 2009 kabla haujafika mwisho. Sina la kuwasema vibaya watu wale binafsi, ila fikiria sababu na dawa. Shirika halina mtaji na mwanahisa wake ni mshindani wake. Dawa: badilisha dereva. Gari halina injini, tumebadilisha dereva, tena dereva aliyezoea theluji. Katika kipindi kilekile wakajaribu pia zile simu zisizo na waya za CDMA, simu ya mezani lakini unabeba, na kuna watu walizipenda, ila ilikuwa njia ya peke yake ambayo huwezi kuchomoa laini ukaweka kwenye simu yoyote ya dukani, na Mtanzania na laini mbili tatu ni chanda na pete.

Nitoke nje ya mada dakika moja, kuhusu hili la watu na kile kinachoitwa upinzani dhidi ya mabadiliko, maana notisi zinamchora mfanyakazi kama mtu mwoga anayependa mazoea. Niliwahi kufanya kazi kampuni moja ya vifaa vya ujenzi, jina tuliache, wakaleta sistimu ya kompyuta ya stoo. Mafunzo siku mbili, soda na keki, bosi akatangaza kaunta buku marufuku. Mzee wa stoo akaendelea kuandika kaunta buku kwa siri, analiweka chini ya mzani. Baada ya miezi mitatu hesabu ya sistimu na ya sakafuni haziendani, saruji inapungua, kila mtu anamuangalia mzee. Akalitoa buku lake. Kumbe ile sistimu haikuwa na sehemu ya kuandika mifuko iliyopasuka! Mfuko ama upo ama umeuzwa, basi. Na mifuko inapasuka kila lori likishusha, yeye anaiandika kwenye buku, tarehe, idadi, namba ya lori. Ule upinzani wake ulikuwa taarifa ambayo hakuna aliyemuomba. Waliongeza kisanduku kimoja kwenye sistimu na mzee akaacha buku mwenyewe bila kuambiwa.

Nalileta hili kwa sababu TTCL ilikuwa imejaa watu wa namna ile. Nina jirani mstaafu, alikuwa fundi wa nyaya enzi hizo, unampa kebo yenye jozi mia anazitambua kwa rangi huku anakuhadithia mpira. Sasa ufundi ule unahamaje kwenda kwenye faiba? Uzi wa kioo mwembamba kama unywele, unausafisha, unaukata kwa kisu maalumu, unaziweka ncha mbili kwenye kimashine kinachozichomea kwa cheche, na kama kuna vumbi kidogo tu mwanga haupiti vizuri. Hakuna kukaza kwa koleo. Ni kazi nyingine kabisa ila mtu ni yuleyule, na anachokijua kuhusu mitaa, wapi bomba la maji linapita, wapi kunajaa maji masika, hicho hakifundishwi chuoni. Shirika linalobadilisha teknolojia bila kumpitisha mtu huyu darajani linatupa ramani.

Na faiba ndo imetutoa kwenye giza la kisa hiki. Kuanzia 2009 serikali ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani njia kuu ya faiba ya nchi nzima, kwa mkopo wa China, na kuuendesha ikapewa TTCL. Wakati huohuo mikongo ya baharini ikafika Dar, Seacom 2009 na EASSy 2010. Mwenye kumbukumbu ya intaneti kafe anajua kabla ya hapo tulikuwa tunapitia setelaiti, unafungua barua pepe unaenda kununua chapati unarudi bado inafunguka. Mkongo ukaunganisha mikoa, ukafika mipaka ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi, na makampuni ya simu yaleyale yaliyompiga TTCL sokoni yakawa wateja wa kukodi njia. Kwa mara ya kwanza toka Celtel aondoke, aina ya mabadiliko ikalingana na sababu. Huwezi kumshinda mwenye daladala elfu, basi jenga barabara na yeye alipie kupita. Haya wengine watayaita mabadiliko ya teknolojia, mimi naona zaidi ni ya mkakati, maana kilichobadilika ni jibu la swali "sisi tunamuuzia nani nini". Ila tusisahau, mkongo ulijengwa kama mali ya serikali na TTCL akapewa kuusimamia tu, uamuzi haukutoka kwenye kikao cha mkakati cha shirika, ulitoka juu. Wanafunzi wanaulizaga hapa, sasa hiyo sababu ni ya nje au ya ndani? Mwenye shirika ndo mwenye nchi, hebu nyie amueni.

Juni 2016 serikali ikanunua zile asilimia 35 kutoka Bharti Airtel kwa shilingi bilioni 14.9 na kuku akafunguliwa miguu. Mwaka uliofuata bunge likapitisha Sheria namba 12 ya 2017 na 2018 kampuni ikawa shirika la umma, Shirika la Mawasiliano Tanzania, herufi zikabaki TTCL kwa sababu nani atazifuta vichwani. Mtendaji mkuu akawa Waziri Kindamba, Waziri ni jina lake sio cheo, na kampeni ikawa "Rudi Nyumbani Kumenoga". Nembo mpya, rangi mpya, T-Pesa ya kutumiana hela kwa simu, 4G. Juni 2018 wakampelekea Rais Magufuli gawio la shilingi bilioni 1.5 na taifa zima likaona hundi kubwa ile ya kadibodi kwenye tivii.

Mi nakiri kampeni ile ilinigusa, hata nikanunua laini. Neno nyumbani lilichaguliwa na mtu anayejua Kiswahili. Lakini chunguza kwa jicho la somo. Kubadilisha umiliki kulihitajika, ule mkanganyiko wa mwanahisa mshindani ulikuwa lazima ukatwe, sawa, hapo dawa imeendana na sehemu moja ya ugonjwa. Ila nembo na kauli mbiu ni mabadiliko ya sura. Mteja aliyeitwa nyumbani amefika anakuta minara michache kuliko ya jirani, T-Pesa ambayo wakala wa mtaani kwake hana, atakaa? Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, za miaka iliyofuata, ikiwemo ya 2022/23, zikaja kuiweka TTCL kwenye orodha ya mashirika yenye hasara. Gawio na hasara kukaa kwenye kitabu kimoja sio muujiza, gawio ni uamuzi wa mwaka ule na hasara ni matokeo ya miaka, ila ile hundi ya kadibodi ilifanya watu wadhani mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani kumbe amekalishwa tu kitandani.

Na mtoto je, yaani ile Celtel iliyokuja kuwa Airtel? Desemba 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba kwa taarifa alizonazo Airtel ni mali ya TTCL, akaagiza ifuatiliwe. Mazungumzo yakaenda mpaka Januari 2019 na Sunil Mittal, bosi wa Bharti, mwenyewe akaja, makubaliano yakawa hisa za serikali Airtel Tanzania zipande kutoka asilimia 40 hadi 49 bila kulipia, Bharti abaki na 51. Angalia vizuri hisa zilienda wapi: serikalini. Miaka kumi na tatu na ushee baada ya kutengana, kesi ya mama na mtoto imeamuliwa na aliyepata ni babu.

Kuna mwanafunzi mmoja, dada anayefanya kazi benki, alinipinga hapa na alinipinga vizuri kwahiyo namleta. Akasema mwalimu unaongea kana kwamba Celtel angebaki tumboni angekua vilevile. Je kama angebaki angekuwa anaajiri kwa vimemo, analipa madeni ya mama, anasubiri kibali cha kila mnara? Pengine kutengana ndo kulimfanya akue. Nikakosa jibu la haraka. Nilichomwambia ni kwamba naweza kukubali kutenganishwa, ninachokataa ni kumtenganisha mtoto halafu ukamwachia baba wa mtoto asilimia 35 za mama. Kama unakata, kata pande zote. Hakuridhika sana, na mimi ukinibana siridhiki sana, maana kuna mashirika yetu mengine yaliyobaki yote ndani ya nyumba na tunajua yalivyoishia.

Mtihani wa mwaka jana nilibadilisha swali. Nikaandika: TTCL 2005, wewe ni mtendaji mkuu, eleza sababu moja ya nje inayokusukuma na aina ya mabadiliko utakayoyafanya, usitaje zaidi ya moja. Nusu ya darasa walitaja sita kwa mazoea. Mmoja aliandika mistari minne tu, kwamba angeacha kuhesabu wateja wa mezani na kuanza kuhesabu majengo, nguzo na njia alizonazo kama bidhaa ya kuwauzia washindani, yaani mkongo kabla ya mkongo. Nilimpa zote.

Agosti 2022 TTCL walipeleka intaneti ya kasi Kilimanjaro, kituo cha Horombo mita 3,720, na kabla mwaka haujaisha ikafika kileleni Uhuru. Huku chini wanaingiza faiba majumbani. Kwa baba mkubwa Morogoro nayo imeingia, binti yake ndo aliyeomba maana anafanya kazi za mtandaoni. Nilikuwepo siku ile. Fundi kijana alizunguka nyumba akitafuta pa kutoboa, baba mkubwa akamwambia acha kutoboa ukuta wangu, akampeleka dirisha la sebuleni, kwenye fremu pembeni kuna tundu lililozibwa na rangi, lile ulimopita waya wa simu. Kijana akalizibua kwa bisibisi na uzi ukaingia pale. Simu nyeusi bado ipo juu ya kabati na kufuli lake, funguo ulishapotea.